Samaki wa bluu tuliyemleta kutoka Nanenane amegeuka kijivu usiku mmoja. Rangi imekwenda wapi?

#1 MamaWatatu_Nyegezi

Habari za jioni wadau. Naomba msaada, maana watoto watatu wamenikalia kooni tangu asubuhi na sina jibu.

Jumapili tulikwenda viwanja vya Nanenane pale Nyamhongolo, mimi, baba yao na watoto wote, wa miaka 11, 8 na 5. Tulifuata ng'ombe na matrekta. Lakini kwenye banda moja walikuwa wamepanga matenki ya vioo kama kumi hivi, yote yana samaki hai, basi safari ikaishia hapo. Yule mdogo alibandika pua kwenye kioo cha kamongo mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zake. Anafuta kwa mkono wa shati, anabandika tena. Kamongo kalala chini kama gogo lililooza. Ukishakata tamaa anaanza kupanda taratibu, anatoa mdomo nje, anavuta hewa kwa sauti kama mtu anayekunywa chai ya moto, kisha anashuka kulala. Mtoto akapiga kelele banda zima likageuka: "Mama, anapumua kama sisi!"

Niliumia moyoni. Mimi nimezaliwa Mwanza, watoto wamezaliwa Mwanza, ziwa tunaliona tukifungua mlango, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kumtazama samaki akiishi. Wanaowajua ni wa kwenye sufuria na wa kwenye meza za Kirumba.

Kijana wa banda akatuuzia wawili wadogo, urefu wa kidole cha shahada. Mmoja bluu inayowaka, ana mistari myeusi ya kusimama ubavuni. Mwingine kijivu tu. Akasema ni furu. Mkubwa aliwapakata kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko ndani ya daladala, hakuruhusu mtu aiguse. Nyumbani kuna tenki la kioo alilotuachia shemeji alipohama, tukalijaza maji ya bomba, tukawatia.

Asubuhi bluu hakuna. Tuna vijivu wawili. Hajafa, anaogelea, ila rangi imefutika. Wa miaka 8 analia kwamba mwenzake kamwibia. Nani anajua?

#2 Kaka_Buzuruga

Pole dada. Hayo mabanda yanawasha taa za bluu juu ya matenki. Hata dagaa ukimweka pale atang'aa. Hukununua samaki wa bluu, ulinunua mwanga wa bluu.

#3 MamaWatatu_Nyegezi

Hapana kaka. Pale stendi tulifungua mfuniko juani saa tisa mchana kuangalia kama wako hai. Alikuwa bluu, na ukingo wa pezi la mgongoni una wekundu. Tumemwona watu watano.

#4 Mzee_wa_Mwaloni

Nimevua tangu ujana, nimeanzia Igombe. Furu dume anapendeza akiwa majini. Ukimtoa kwenye wavu, rangi inakimbia huku unamtazama, kabla hata hajakata roho. Kwetu sisi ile ni ishara kwamba samaki anaondoka. Binti yangu, usiwaambie watoto sasa, ila jiandae.

#5 MamaWatatu_Nyegezi

Shikamoo mzee wangu. Umenitia hofu.

#6 FundiTenki

Asiogope. Na mimi nafuga, naunga matenki ya watu hapa Pasiansi, hii kesi nimeiona mara nyingi. Jibu liko kwenye maelezo yake mwenyewe: "tukalijaza maji ya bomba, tukawatia."

Maji ya bomba yana klorini. Kwako wewe inaua vijidudu, kwa samaki inachoma mashavu anayopumulia. Samaki aliyechomwa anapauka, anajificha, anapumua haraka haraka. Yakinge kwenye ndoo pana isiyo na mfuniko, uyaache siku nzima na usiku wake, klorini iruke, ndipo uyatie. Na usibadilishe maji yote kwa mpigo. Toa robo, rudisha robo. Uniambie pia unawapa chakula gani, maana klorini ikimkosa, mabaki ya chakula yanayooza humo ndani hayamkosi.

#7 MamaWatatu_Nyegezi

Chembe za ugali na mkate. Wanaishindania.

#8 FundiTenki

Acha mkate leo hii. Saga dagaa mkavu uwe unga, mpe kile kinachoshikika ncha mbili za vidole mara moja kwa siku. Kinachobaki baada ya dakika chache kitoe.

#9 Mwalimu_wa_Kidato

Salaam wote. Nafundisha baiolojia. #6 yuko sahihi kuhusu maji, ila sikubali kwamba klorini ndiyo iliyofuta rangi.

Ngozi ya samaki hawa ina chembe za rangi. Chembe nyeusi zinaweza kutawanya rangi yake ndani ya chembe au kuikusanya katikati, na kazi hiyo inaendeshwa na neva na homoni. Bluu yenyewe si rangi kama ya kupaka. Inatokana na vitu vidogo mithili ya fuwele ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga wa bluu, na weusi ulio chini yake ndio unaoifanya iwake. Kwa hiyo samaki anaweza kuipandisha na kuishusha bila kuugua hata kidogo.

Kwa furu na ndugu zake, dume mwenye eneo lake ndiye anayevaa rangi. Dume aliyenyang'anywa eneo, au aliyehamishwa asilitambue alipo, anafifia anafanana na jike, asije akapigwa. Kuna ndugu yao mmoja wa Ziwa Tanganyika aliyechunguzwa sana maabara, yeye hubadilika ndani ya dakika chache tu mambo yakigeuka. Dada, huyo wako kaamka kwenye nyumba ya kioo tupu, hana jiwe, hana pango, hana mpaka wa kulinda. Kavua sare kwa sababu kituo cha kazi hakipo.

#10 Mzee_wa_Mwaloni

Mwalimu, maelezo mazuri. Lakini yule wa kwenye wavu naye anavua sare?

#11 Mwalimu_wa_Kidato

Marahaba ya swali, mzee, na shikamoo. Hofu na kukosa hewa vinapita njia hiyo hiyo ya neva. Ulichokiona ni kweli, ila hakimaanishi kila anayefifia anakufa.

#12 Changu_wa_Kigamboni

Samahani wana Mwanza, mimi ni wa Pwani. Furu ndio samaki gani? Huku tuna changu, kibua, tasi. Nyie si mna sangara na sato tu?

#13 Binti_Ukerewe

Sangara na sato TU? Shemeji wa Pwani, kaa kwenye mkeka nikuhesabie. Ngege, ningu, gogogo, hongwe, nembe, domodomo, kambale tunayemwita mumi, kamongo, dagaa. Na furu, ambaye si samaki mmoja, ni ukoo mzima. Nyumbani Ukerewe bibi alikuwa anatukaushia furu juu ya mwamba, tunawala na mifupa yao. Ukija nitakupikia, ila changu wako umwache feri.

#14 Changu_wa_Kigamboni

Nimekubali kushindwa. Nauli nitumie.

#15 Msomaji_Kapripointi

Nimeusoma uzi kwa furaha, kwa sababu huyo samaki wa mistari ya kusimama ana hadithi ambayo kila mtoto wa Mwanza angeijua.

Furu wa ziwa letu ni zaidi ya aina 500. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza kuna kundi ambalo wanasayansi wamelipa jina la Kiswahili kabisa: Pundamilia, kwa ajili ya hiyo mistari. Mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, dume lake lina bluu ya kijivu. Ndugu yake, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni na manjano ubavuni, anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, Nyerere huyo huyo. Alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985 na watafiti Waholanzi. Wa bluu anapenda maji ya juu juu, mwekundu anakaa chini zaidi, kwa sababu mwanga unaofika kina kile ni wa aina nyingine na macho yao yamefuata mwanga huo. Majike wao wanafanana sana. Jike anachagua mume kwa rangi.

Dada, chungulia pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo. Lina madoa ya mviringo ya manjano kama punje za mtama?

#16 MamaWatatu_Nyegezi

Nimeangalia kwa tochi ya simu, watoto wote wamenizunguka. Aliyekuwa bluu ana madoa mawili makubwa na moja dogo, manjano yanayoelekea machungwa, yana duara hafifu pembeni. Wa kijivu wa tangu mwanzo ana kama kidoa kimoja kilichofifia, sina uhakika. Na nimegundua kitu: yule aliyepoteza rangi bado ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Unakuja na kuondoka. Nimemtazama kwa nusu saa, ukitia mkono karibu na kioo unakolea, ukitulia unapotea.

Samaki anaitwa Nyerere na hatujawahi kuambiwa shuleni! Mkubwa ameandika kwenye daftari.

#17 Msomaji_Kapripointi

Basi dume wako ni dume kweli, na mstari wa jicho unaonyesha bado anaongea. Ila wako ni wa bluu, usimpe cheo cha nyererei.

#18 Mbuna_Mzoefu

Mimi napinga wote. Furu wa hapa bluu inayowaka vile hana. Nimeishi Kyela, najua mbuna wa Ziwa Nyasa: bluu kali, mistari myeusi ya kusimama, kidole kimoja. Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wanawapenda hao kwa sababu wanauzika. Na dume la mbuna nalo lina madoa hayo hayo kwenye pezi, kwa hiyo tochi ya #16 haijathibitisha kitu. Kijana wa banda akisema "furu", anakuuzia jina unalolijua.

#19 Binti_Ukerewe

Kyela mnataka kila kitu chenye rangi kiwe chenu.

#20 Mbuna_Mzoefu

Vya kwetu vina rangi dada yangu, tufanyeje.

#21 Mzee_wa_Mwaloni

Kijana wa #18, usiseme furu wa hapa hana bluu. Labda umechelewa kuwakuta. Miaka ya 70 ukivuta kokoro linakuja limejaa furu, na humo ndani kuna bluu, wekundu, manjano, weusi, kama kanga zilizoanikwa. Hatukuwa tunawahesabia, tulikuwa tunawaita furu basi. Walikuja Waholanzi hapa ghubani wakawa wanatununulia vile vidogo tulivyovidharau, wanavipanga kwenye chupa, kila kimoja wanakipa jina. Tulicheka. Miaka michache mbele tukivuta kokoro lile lile linakuja na sangara, furu hawapo. Hapo ndipo nilipoelewa walikuwa wanaandika nini.

Sasa hivi furu wengine ni chambo tu kwenye ndoano za sangara.

#22 Msomaji_Kapripointi

Mzee, shikamoo, umesema jambo zito. Hao walitoka Chuo Kikuu cha Leiden na walianza kazi ghubani mwaka 1977, kwa hiyo waliwahi kuhesabu kabla ya balaa na wakaliona likija. Inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka, nyingi katika miaka ya 80. Baadhi ya aina zilibebwa, mpaka leo zinazaliana kwenye matenki ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa kule anaweza kumwona furu wa Ziwa Victoria kwenye akwariamu ya mji wao, wa kwetu mpaka Nanenane ifike. Ndiyo maana #1 imenigusa.

#23 Kaka_Buzuruga

Sangara aliletwa na wakoloni miaka ya 60, kila mtu anajua.

#24 Msomaji_Kapripointi

Nusu nusu kaka. Wa kwanza walitiwa miaka ya 50, upande wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaongezwa wengine. Kisha wakakaa kimya karibu miaka ishirini kabla ya kulipuka. Na si wote wanaomtwika sangara lawama peke yake. Maji yameharibika pia, udongo na mbolea vinaingia ziwani, mwani unajaa, maji yanakuwa kama uji. Jike anayechagua mume kwa rangi akishindwa kuona rangi, anaolewa na wa ukoo mwingine, na koo mbili zinageuka moja bila mtu yeyote kuliwa.

#25 Kaka_Buzuruga

Sangara amelipia watu ada, mzee. Mimi nimesomeshwa na minofu yake kiwandani. Siwezi kumtukana.

#26 Mzee_wa_Mwaloni

Hakuna anayemtukana. Nyumba yangu imejengwa na sangara. Nasema tu kilichokuwepo.

#27 MamaWatatu_Nyegezi

Wadau, mtoto wa kati anauliza: mbona kwenye yale matenki kulikuwa na kamongo, sato, kambale, lakini sangara hakuna?

#28 Mzee_wa_Mwaloni

Mwambie mjukuu wangu hivi. Sangara ana kibofu cha hewa tumboni. Ukimvuta kutoka kina kirefu kile kibofu kinavimba, anafika juu tumbo limejaa, hawezi kushuka tena. Kambale na kamongo hata ukiwaweka kwenye karai sokoni mpaka jioni wanakutazama. Na sangara akikua anaweza kuwa mrefu kuliko baba yake. Tenki gani hilo?

#29 Mama_Kisesa

Jamani mimi nina swali la pembeni. Hapa Mwanza, mbali na Nanenane, mzazi anampeleka wapi mtoto aone samaki hai?

#30 Binti_Ukerewe

Kisiwa cha Saanane. Boti unapandia Capri Point, dakika chache umefika. Watu wanakwenda kwa ajili ya swala na pimbi, wanasahau kutazama chini. Kaa kwenye mwamba asubuhi ziwa likiwa limetulia, jua liwe mgongoni kwako, utulie bila kivuli chako kuchezacheza majini. Furu wanatoka kwenye nyufa mmoja mmoja. Utaona dume akifukuza mwenzake, anarudi palepale, anafukuza tena. Nilimpeleka mdogo wangu, hakutaka hata kwenda kuona wanyama wengine.

#31 Kaka_Buzuruga

Saanane si ilikuwa bustani ya wanyama? Nilipelekwa na shule.

#32 Msomaji_Kapripointi

Ndiyo, ilianza 1964 kama bustani ya wanyama ya serikali. Ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na iko ndani ya jiji. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani. Kwa hiyo kisiwa kina jina la mvuvi na maji yanayokizunguka yana samaki, ila kibao kinachoonyesha samaki sijakiona. Tenki moja tu pale gatini, furu watano na sato mmoja, lingetosha kwa kuanzia.

#33 FundiTenki

Nitalijenga kwa gharama ya kioo na gundi. Ufundi bure. Nimesema mbele ya mashahidi.

#34 Changu_wa_Kigamboni

Tumeshuhudia.

#35 MamaWatatu_Nyegezi

Siku ya nne. Kuna jambo jipya, na si la bluu.

Yule wa kijivu wa tangu mwanzo hali. Unga wa dagaa unampita puani haugusi. Na kidevu kimevimba. Ukimtazama kwa mbele, chini ya mdomo kumetuna kama kifuko. Wa miaka 8 anasema ana matumbwitumbwi kama aliyougua yeye mwaka jana, amemfungia kitambaa mwanasesere wake kwa huruma. Muda wote anafanya mdomo kama anatafuna, ila hatafuni kitu. Ni mkate ule?

#36 Msomaji_Kapripointi

Dada, kaa chini. Ana mayai mdomoni!

#37 Mama_Kisesa

Mdomoni?!

#38 Mwalimu_wa_Kidato

Ndiyo, mdomoni. Jike la furu hutaga mayai machache, kisha huyaokota na kuyahifadhi kinywani. Hayo madoa ya manjano aliyoyaona dada kwenye pezi la dume yanafanana na mayai. Jike anapoyafuata kana kwamba ni mayai aliyoyasahau, dume humwaga mbegu, na mayai yanarutubishwa humo humo kinywani. Baada ya hapo jike hali, au anakula kidogo mno, wiki mbili mpaka tatu. Kule "kutafuna" ni kuyageuza mayai yapate hewa. Hata sato analelea mdomoni. Kwa kamongo mambo ni tofauti, baba ndiye anayelinda kiota.

Waeleze watoto kwa kiasi cha umri wao. Wa 11 mwambie yote.

#39 FundiTenki

Sitaki kuharibu furaha, lakini nimeona kidevu kilichovimba ambacho kilikuwa ugonjwa. Samaki aliyekula mkate siku mbili na kuvuta klorini anaweza kuvimba na kukataa chakula. Na niwaulize: dume alipoteza rangi usiku wa kwanza. Amempataje jike akiwa kijivu, wakati #15 anasema jike anachagua kwa rangi?

#40 Msomaji_Kapripointi

Swali zuri. Pengine walikutana kule kule bandani, akaletwa tayari ana mzigo. Jumapili mpaka leo inaingia.

#41 MamaWatatu_Nyegezi

Lakini Jumatatu asubuhi alikula ugali. Nilimwona kwa macho yangu. Labda aliutia mdomoni akautema? Siwezi kuapa.

#42 Mbuna_Mzoefu

Na mbuna pia analelea mdomoni, niwakumbushe tu.

#43 Kaka_Buzuruga

Kama ni hivyo, wakizaliwa si wapelekwe ziwani pale Luchelele? Watoto wafurahi, ziwa lipate furu.

#44 Msomaji_Kapripointi

Hapana kaka, tafadhali sana. Wazo lina moyo mzuri ila ndivyo sangara alivyoingia, kwa mkono wa mtu aliyeona ni faida. Hatujui hawa wametoka mwamba gani, na furu wa kisiwa kimoja si lazima wawe wa kisiwa cha pili. Na kama #18 yuko sahihi, utakuwa umemtia mbuna wa Nyasa ndani ya Victoria. Waliomo kwenye tenki wabaki kwenye tenki.

#45 Mbuna_Mzoefu

Kwa hilo tuko pamoja.

#46 Muuguzi_Igoma

Naona mnataja ziwa, nami niseme la kazini kwangu. Kuna mtu atashauri "chukua maji ya ziwa badala ya ya bomba". Msiwatume watoto kuyachota. Kichocho kinaingia kwenye ngozi mtoto akisimama majini hapo kwenye majani na konokono, hahitaji kuyanywa. Achote mtu mzima kwa ndoo akiwa juu ya mwamba au gati, maji yakae siku mbili nyumbani bila konokono ndani kabla mtoto hajatia mkono. Vile vijidudu vikikosa ngozi ya mtu kwa muda huo vinakufa.

#47 MamaWatatu_Nyegezi

Ubarikiwe, maana baba yao alikuwa ameshachukua ndoo na mtoto mkononi. Nimemrudisha mlangoni.

#48 MamaWatatu_Nyegezi

Siku ya saba. BLUU IMERUDI. Si yote, lakini imerudi. Imeanzia kichwani, ikashuka mgongoni, mkiani bado kijivu. Wekundu wa ukingo wa pezi umeonekana leo saa kumi na mbili asubuhi, na nyumba nzima imeamshwa.

#49 Mwalimu_wa_Kidato

Hongera! Ulibadilisha nini?

#50 MamaWatatu_Nyegezi

Jumamosi tulifanya yote kwa siku moja. Robo ya maji tulitoa, tukatia yaliyokaa siku mbili. Watoto walikusanya mawe mlimani nyuma ya nyumba, tukayachemsha, yakapoa, tukayapanga yawe na pango, na kipande cha chungu kilichovunjika. Tenki tuliliondoa dirishani kwa sababu jua la mchana lilikuwa linalipiga, sasa liko kwenye kona ya sebule. Na mkate tulishaacha.

#51 Mwalimu_wa_Kidato

Mawe! Amepata eneo.

#52 FundiTenki

Maji! Mwalimu, kama si yale maji ungepanga mawe juu ya kaburi.

#53 Kaka_Buzuruga

Mwanga jamani. Tenki limetoka dirishani, linaonekana kwa taa ya sebuleni. Nilisema tangu #2.

#54 Binti_Ukerewe

Kaka, #2 ulisema taa inadanganya. Leo taa inaponya?

#55 Msomaji_Kapripointi

Dada, laiti ungebadilisha kimoja kimoja, siku kwa siku, tungejua. Sasa kila mtu atalala na jibu lake.

#56 MamaWatatu_Nyegezi

Wa 11 amesema hivyo hivyo. Anataka kutoa mawe tena ili aone kama atafifia. Nimemkatalia, jike amejificha kwenye chungu na sitaki asumbuliwe. Ila naona bado analifikiria.

Kingine: bluu akishapata pango, analilinda. Tukitia kidole kwenye kioo anakuja mpaka pua inagusa, mistari yote imekolea, mapezi yamesimama. Yule wa miaka 5 anamwamkia shikamoo.

#57 Mzee_wa_Mwaloni

Nimefurahi mno. Miaka yote hiyo niliwatoa majini, sijawahi kukaa nikawatazama wakilinda nyumba. Binti yangu, kuna ruhusa ya mzee kuja kuwaona?

#58 MamaWatatu_Nyegezi

Mzee wangu, karibu hata kesho. Tutakuwekea chai, na watoto wanataka uwasimulie furu wa rangi za kanga. Nitakutumia ujumbe wa faragha kukuelekeza.

#59 Mama_Kisesa

Sisi Jumapili tunakwenda Saanane, watoto wanne. Boti wana maboya ya kuvaa ya saizi ya watoto au nibebe ya kwetu?

#60 Binti_Ukerewe

Muulize mhusika gatini kabla ya kulipa, na mtoto asipande bila kuvalishwa linalomkaa. Nendeni asubuhi, mchana upepo unalichafua ziwa hamtaona kitu chini.

#61 MamaWatatu_Nyegezi

Siku ya kumi na mbili. Kidevu kimetuna zaidi, na leo jioni wa miaka 8 ameapa kwamba kaona jicho ndani ya mdomo wa samaki. Dogo, jeusi, linamtazama. Mimi sijaliona, nimekaa na tochi tangu saa mbili usiku. Watatu wametandika mkeka mbele ya tenki na hawataki kwenda chumbani.

#62 FundiTenki

Zima tochi dada, usimshtue akayameza. Kesho usibadilishe maji. Na uandae tenki la pili.